Heinrich Hertz: Mgunduzi wa mawimbi yanayobeba Wi-Fi aliyefariki bila kujua faida yake

KWENYE kisanduku cha kusambaza intaneti nyumbani, au katika karatasi iliyokuja nacho, huandikwa tarakimu 2.4 na 5 zikifuatwa na herufi GHz. Wengi huzipita bila kuzitazama mara ya pili, hadi siku mtandao unapokwama na fundi kuuliza simu imeunganishwa na ipi kati ya hizo mbili.

Herufi Hz ni jina la mtu lililofupishwa. Ni jina la Heinrich Hertz, mwanafizikia wa Ujerumani aliyekuwa wa kwanza kuthibitisha kwa majaribio kwamba mawimbi ya umeme husafiri hewani bila waya. Alifariki Januari 1, 1894, akiwa na umri wa miaka 36, na hakuwahi kuamini kwamba ugunduzi wake ungemfaa mtu yeyote nje ya maabara.

Redio, televisheni, simu ya mkononi na Wi-Fi zote zimejengwa juu ya kazi aliyoifanya kwa kipindi kisichozidi miaka mitatu. Hata matatizo yanayowasumbua watumiaji wa intaneti majumbani leo, yeye ndiye aliyetangulia kukumbana nayo.

Mwana wa wakili

Hertz alizaliwa Februari 22, 1857, katika jiji la bandari la Hamburg, kaskazini mwa Ujerumani. Baba yake, Gustav Ferdinand Hertz, alikuwa wakili ambaye baadaye aliingia katika seneti ya jiji hilo. Ukoo wa baba ulikuwa na asili ya Kiyahudi, ila familia ilikuwa imeingia dini ya Kikristo ya Kilutheri kabla Heinrich hajazaliwa. Asili hiyo haikumzuia kupanda ngazi alipokuwa hai, lakini ilikuja kuwaandama wanawe yeye akiwa kaburini.

Tangu utotoni alikuwa na vipawa viwili ambavyo ni nadra kukutana katika mtu mmoja: kichwa chepesi cha kushika masomo na mikono ya fundi. Shuleni alipenda lugha hata akajifunza Kiarabu. Nyumbani alitengeneza vifaa vyake mwenyewe vya majaribio, na alifunzwa kukereza mbao na chuma. Husimuliwa kwamba miaka mingi baadaye, fundi aliyemfunza kazi hiyo alipoarifiwa kuwa kijana wake amekuwa profesa alisikitika, kwa kuwa aliona ulimwengu umepoteza mkerezaji hodari.

Mwanzoni alinuia kuwa mhandisi. Alifanya mazoezi ya kazi Frankfurt, akasoma Dresden, kisha akatumikia jeshi kwa mwaka mmoja. Alipofika Munich mwaka 1877 moyo wake ulikuwa umekwisha kuhamia kwenye sayansi. Hakutaka kubadilisha njia bila idhini ya mzazi, hivyo alimwandikia baba yake kumwomba ruhusa aache uhandisi na ashike fizikia. Baba alikubali.

Swali la Berlin

Mwaka 1878 Hertz alihamia Berlin na kuwa mwanafunzi wa Hermann von Helmholtz, mmoja wa wanasayansi waliosifika mno barani Ulaya wakati huo. Helmholtz hakuchukua muda kutambua kwamba huyu hakuwa mwanafunzi wa kawaida.

Wakati huo wanafizikia walikuwa na mzozo. Mnamo 1865, James Clerk Maxwell wa Scotland alikuwa amechapisha nadharia iliyodai kwamba umeme na sumaku hushirikiana kutoa mawimbi, kwamba mawimbi hayo husafiri kwa kasi ya mwanga, na kwamba mwanga wenyewe ni aina mojawapo ya mawimbi hayo. Hesabu zake zilikuwa nzuri, lakini hakuna aliyekuwa ameyaona mawimbi ya aina hiyo yakitolewa na umeme. Wengi barani Ulaya walikuwa bado wanashikilia nadharia nyingine.

Mwaka 1879, Chuo cha Sayansi cha Berlin kilitangaza tuzo kwa yeyote atakayethibitisha kwa majaribio sehemu ya nadharia hiyo. Helmholtz alimhimiza Hertz ajaribu. Kijana alipiga hesabu, akaona kwamba kwa vifaa vilivyokuwapo matokeo yangekuwa hafifu mno kupimika, akakataa. Swali lenyewe, hata hivyo, halikumtoka akilini.

Alipata shahada ya uzamifu mwaka 1880 akiwa na umri wa miaka 23, akabaki kuwa msaidizi wa Helmholtz hadi 1883 alipokwenda kufundisha Kiel. Huko hakukuwa na maabara ya maana, naye akautumia muda wake kuzichambua hesabu za Maxwell. Mwaka 1885 aliteuliwa kuwa profesa katika chuo cha ufundi cha Karlsruhe, kusini magharibi mwa Ujerumani, ambako hatimaye alipata ukumbi na vifaa.

Cheche gizani

Mwaka 1886 alimwoa Elisabeth Doll, binti wa mhadhiri mwenzake chuoni. Miezi michache baada ya harusi, akiwa anatayarisha vifaa vya kufundishia, Hertz aliona jambo dogo ambalo wengine wangelipuuza. Alipopitisha umeme katika koili moja ukaruka cheche, koili nyingine iliyokuwa kando, ambayo haikuunganishwa nayo kwa waya wowote, nayo ilitoa cheche.

Alitambua papo hapo kwamba jibu la swali la Berlin lilikuwa limemjia lenyewe. Alitengeneza chombo cha kutoa mawimbi kwa waya mbili zilizonyooka zenye mpira wa zinki kila mwisho, na katikati pengo dogo ambapo cheche iliruka. Chombo cha kupokea kilikuwa rahisi zaidi: waya uliokunjwa kama pete, wenye mwanya mwembamba mno. Wimbi lilipoufikia, cheche ndogo iliruka mwanyani.

Hiyo ndiyo iliyokuwa antena ya kwanza ya kutoa mawimbi na antena ya kwanza ya kupokea. Cheche ya mpokeaji ilikuwa ndogo kiasi kwamba Hertz alilazimika kukaa gizani na kusubiri macho yazoee ndipo aione.

Katika kuhangaika na cheche hizo, aligundua pia mwaka 1887 kwamba cheche huruka kwa urahisi zaidi inapoangaziwa na miali ya urujuanimno. Hakuweza kueleza sababu, akaandika alichokiona na kurudi kwenye mawimbi yake. Fumbo hilo lilikuja kufumbuliwa na Albert Einstein mnamo 1905, na kazi hiyo ndiyo iliyotajwa Einstein alipopewa Tuzo ya Nobel.

Jiko la chuma ukumbini

Mwaka 1888 Hertz aliazimia kuyapima mawimbi yenyewe. Alitundika bati la zinki lenye kimo cha mita nne na upana wa mita mbili kwenye ukuta wa mwisho wa ukumbi, akawasha chombo chake upande wa pili, kisha akaibeba pete yake hatua kwa hatua kati ya pande hizo mbili.

Aliona cheche ikikua, ikififia, ikapotea kabisa, kisha ikarudi tena. Wimbi lililotoka kwenye chombo lilikuwa likikutana na lile lililorudishwa na bati. Mahali pengine yalisaidiana, pengine yaliuana. Kwa kupima umbali kati ya sehemu hizo alipata urefu wa wimbi, unaokaribia mita 9.6, na kutokana na urefu huo akakadiria kasi yake.

Lakini hesabu hazikukaa sawa. Kwa vipimo vyake, mawimbi yaliyopita kwenye waya yalionekana kwenda polepole kuliko yale ya hewani, ilhali nadharia ya Maxwell ilidai kasi iwe moja. Ukumbi ulikuwa na urefu wa mita 15 hivi, ulikuwa na safu mbili za nguzo za chuma, na karibu na chombo chake lilisimama jiko la chuma la kupashia chumba joto. Kila chuma kilirudisha mawimbi na kuvuruga vipimo.

Hertz hakuficha kasoro hiyo. Alipokusanya makala zake kuwa kitabu mwaka 1892, alikiri waziwazi kwamba huenda ukumbi wenyewe ulikuwa umemdanganya. Mwaka uliofuata, wanasayansi wawili wa Geneva, Édouard Sarasin na Lucien de la Rive, walirudia jaribio hilo katika ukumbi mkubwa zaidi na kupata kwamba kasi ilikuwa moja. Maxwell alikuwa sahihi. Aliyekosea ni ukumbi wenye jiko.

Somo kwa nyumba za leo

Mtu anayelalamika kwamba intaneti inashika sebuleni lakini inakatika chumbani yuko katika hali ile ile ya Hertz na jiko lake. Mawimbi ya 2.4 GHz yana urefu wa sentimita 12.5 hivi, na ya 5 GHz sentimita sita. Kwa sababu hiyo, kuusogeza mtambo au kompyuta umbali wa kiganja tu kunaweza kuitoa katika sehemu mawimbi yanapouana na kuiweka panapo nguvu.

Chuma ni adui yule yule. Jokofu, kabati la chuma, kioo kikubwa cha kujitazamia ambacho nyuma yake kina utando wa madini, na ukuta wa mabati, vyote huyarudisha mawimbi kama lilivyofanya bati la zinki la Karlsruhe. Zege yenye nondo na matangi ya maji pia huyapunguza nguvu. Mtambo wa intaneti unapofichwa nyuma ya televisheni au chini ya meza ya chuma, mwenye nyumba huwa amejijengea kizuizi kwa mkono wake.

Hata mwili wa binadamu humo. Hertz aliandika kwamba msaidizi wake alipokatiza njia ya mawimbi cheche ilizimika, na alipopita ikarudi. Ndiyo maana inafaa mtambo uwekwe juu, katikati ya nyumba, mahali ambapo watu na samani havisimami mbele yake.

Hatua ya kwanza ya kutafuta hitilafu ni kujua kama tatizo liko hewani au kwenye laini iletayo intaneti. Kompyuta ikisogezwa hadi mita mbili kutoka kwa mtambo na bado intaneti haipatikani, mawimbi hayana lawama: kosa liko kwenye laini, kwenye mipangilio, au mtambo unahitaji kuzimwa na kuwashwa upya. Ikiwa karibu inashika na mbali inakatika, basi tatizo ni kuta, vyuma au umbali. Na kama alivyofanya Hertz kwa pete yake, kinachobadilishwa kiwe kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo haitajulikana ni kipi kilichotibu.

Vioo, mlango na lami

Mwishoni mwa mwaka 1888, Hertz alifupisha mawimbi yake hadi sentimita 66 hivi, akajenga vioo viwili vya zinki vilivyopinda, kila kimoja kikiwa na kimo cha mita mbili. Kwa vioo hivyo aliweza kuyaelekeza mawimbi upande mmoja kama tochi inavyoelekeza mwanga.

Aliufunga mlango wa mbao kati ya chombo na pete, na cheche bado ikaruka. Alimwaga lami ngumu kwenye kiunzi chenye umbo la pembetatu, ikafanyika prizimu yenye uzito wa takriban kilo 600, nayo ikayapinda mawimbi kama kioo kinavyopinda mwanga. Alisimamisha wavu wa nyaya zilizopangwa sambamba. Ulipogeuzwa upande mmoja mawimbi yalipita, ulipogeuzwa upande wa pili yakazuiwa.

Jaribio hilo la mwisho lina maana kwa mwenye mtambo wenye antena za kuinua. Mawimbi hutikisika kwa kuelekea upande maalumu, na antena ya kupokea hufanya vyema inapolingana nayo. Antena zinapokuwa zaidi ya moja, ni busara kusimamisha moja wima na kuilaza nyingine kidogo, kwa kuwa simu na kompyuta hazishikwi kwa namna moja.

Ripoti za majaribio hayo zilimaliza mabishano. Mwanga na mawimbi ya umeme yalikuwa ndugu wa baba mmoja. Hertz akawa mtu mashuhuri kote Ulaya, na mwaka 1890 alikwenda London kupokea nishani ya Rumford kutoka kwa Royal Society.

Mgunduzi asiyeona soko

Desemba 1889, mhandisi mmoja alimwandikia Hertz kumuuliza kama mawimbi hayo yangeweza kubeba mazungumzo ya simu. Hertz alijibu kwamba haiwezekani. Mitikisiko ya sauti ni ya polepole, alieleza, na mawimbi yake yangekuwa marefu kiasi cha kuhitaji vioo vyenye ukubwa wa bara zima.

Hesabu yake haikuwa na kosa. Alichokosa kukiona ni kwamba sauti haihitaji kurushwa yenyewe. Inaweza kupandishwa juu ya wimbi fupi lenye mitikisiko mingi, kama abiria anavyopanda gari. Wazo hilo, ambalo leo linabeba redio na Wi-Fi kwa pamoja, lilikuja baada yake.

Hakuomba hataza yoyote wala kutafuta fedha katika ugunduzi wake. Kwake ilitosha kuwa swali la Maxwell limejibiwa.

Jua linatua Bonn

Mwaka 1889 Hertz alihamia chuo kikuu cha Bonn kuchukua nafasi iliyoachwa na Rudolf Clausius. Huko alianza kuandika kitabu kuhusu misingi ya makanika. Lakini mwaka 1892 alianza kuumwa kichwa vibaya, maumivu yakaenea puani, masikioni na kooni. Alipasuliwa mara kadhaa bila nafuu ya kudumu. Madaktari wa wakati huo hawakuutambua ugonjwa. Wataalamu wa baadaye wamekisia kuwa ulikuwa ugonjwa wa mishipa ya damu ambao siku hizi una dawa.

Alifundisha kwa mara ya mwisho Desemba 7, 1893. Siku hizo aliwaandikia wazazi wake akiwasihi wasihuzunike sana, bali wajivunie kwamba mwana wao aliishi muda mfupi lakini akaishi vya kutosha. Wiki chache baadaye aliaga dunia, akawaacha mjane na mabinti wawili, Johanna aliyekuwa na umri wa miaka sita na Mathilde wa miaka miwili. Alizikwa katika makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg.

Mwaka huo huo wa 1894, kijana wa Kiitaliano wa umri wa miaka 20, Guglielmo Marconi, alisoma habari za majaribio ya Hertz. Kufikia 1895 alikuwa ametuma ishara zaidi ya kilomita moja bila waya, na mnamo 1901 alivusha ishara katika bahari ya Atlantiki. Mwaka 1909 alishiriki Tuzo ya Nobel. Tuzo hizo zilianza kutolewa 1901, miaka saba baada ya Hertz kuzikwa.

Jina lililokataa kufutwa

Wanazi walipotwaa mamlaka mwaka 1933, sifa za Hertz hazikuwakinga jamaa zake. Picha yake iliondolewa katika jumba la jiji la Hamburg kwa sababu ya asili ya baba yake. Binti yake Mathilde, aliyekuwa amebobea katika baiolojia, alipoteza nafasi yake ya kufundisha chuoni. Yeye, dada yake na mama yao walihama Ujerumani na kukimbilia Uingereza, wakaishi Cambridge.

Lililotia uchungu zaidi ni kwamba Philipp Lenard, aliyekuwa msaidizi wa Hertz huko Bonn na aliyekihariri kitabu chake cha mwisho baada ya kifo chake, alikuwa mmoja wa wanasayansi waliopiga debe la Wanazi kwa bidii kubwa.

Hata hivyo, jina lilikuwa limekwisha kutoka mikononi mwa wanasiasa. Mwaka 1930, tume ya kimataifa ya wahandisi wa umeme ililipendekeza kuwa kipimo cha mitikisiko kwa sekunde, na mnamo 1960 likathibitishwa katika mfumo wa vipimo wa ulimwengu mzima. Hezi moja ni mtikisiko mmoja kwa sekunde. Megahezi ni milioni moja, na gigahezi ni bilioni moja.

Viwango vya Wi-Fi vyote huelezwa kwa jina hilo. Cha kwanza, 802.11 cha mwaka 1997, kilitumia 2.4 GHz kwa kasi isiyozidi megabiti mbili kwa sekunde. Mwaka 1999 vikaja viwili: herufi b, wa megabiti 11 kwenye 2.4 GHz, na herufi a, wa megabiti 54 kwenye 5 GHz. Herufi g ikafuata 2003, na herufi n mwaka 2009 ikitumia masafa yote mawili. Kiwango cha ac cha 2013 kikashika 5 GHz pekee. Ili kuwapunguzia watu mkanganyiko wa herufi, tangu 2018 n huitwa Wi-Fi 4, ac Wi-Fi 5, na ax iliyofuata Wi-Fi 6. Wi-Fi 7 ilianza kuidhinishiwa vifaa mwaka 2024.

Anayezielewa tarakimu hizo huepuka usumbufu mwingi. Masafa ya 2.4 GHz hufika mbali zaidi na hupenya kuta vizuri, lakini yamesongamana, na jiko la maikrowevu hufanya kazi karibu na hapo hapo. Penye majirani wengi, njia zisizoingiliana kwenye masafa hayo ni ya 1, ya 6 na ya 11. Masafa ya 5 GHz yana nafasi na kasi zaidi, ila huchoka upesi ukutani. Na simu ya zamani inayofahamu 2.4 GHz pekee haitauona kamwe mtandao wa 5 GHz, hata nenosiri likiwa sahihi.

Hertz aliishi miaka 36, akafanya kazi yake kuu kwa waya, mabati na lami, katika ukumbi uliokuwa na jiko la chuma mahali pasipofaa. Mtu anayebeba simu leo kutoka chumba hadi chumba akitafuta panaposhika vizuri, anatembea katika nyayo zake.